Kusini hatujakosa milima, tumekaa juu ya mizizi yake

Toka kinywe, yale madini meusi ambayo Waingereza wanayaita graphite, kianze kuchimbwa Ruangwa, maneno yamekuwa mengi huku kwetu Kusini, mikoa ya Lindi na Mtwara. Ukiingia kwenye grupu lolote la watu wa Masasi, Nachingwea au Newala hukosi kukuta mtu kaandika kwamba wenzetu wa Ruangwa "wameokota", yaani bahati imewadondokea tu kama mtu aliyekuta hela njiani, na chini yake mwingine anajibu kwamba ndo ilivyo, kaskazini walipewa Kilimanjaro na Meru, sisi tukaachiwa nchi bapa isiyo na mlima wa maana, basi Mungu akatufidia kwa gesi na madini. Nimeona watu waliosoma kabisa wanaweka dole gumba kwenye maneno hayo. Mi nadhani tunakosea, na sio kosa la kubishana jioni afu tukalala, maana namna unavyoielewa ardhi ndo namna utakavyoiuza, utakavyochimba kisima chako na utakavyomjibu mgeni anayekuja kijijini na ramani mkononi. Hoja yangu ni hii: Kusini hapakukosa milima. Palikuwa na milima ambayo wanajiolojia wanailinganisha na Himalaya, ikaliwa na mvua na mito mpaka ikabaki mizizi, na hivi vitu tunavyoviita bahati, kinywe cha Ruangwa, mawe ya Masasi, mchanga wa Newala, hata ule mchanga wa chini ya bahari ulioshika gesi, vyote vinasimulia habari ya milima hiyohiyo.

Tuanze na mlima wenyewe, maana shuleni wengi tulikariri aina zake, tukafanya mtihani, tukasahau. Ganda la dunia, hili tunalolikanyaga, kwenye nchi kavu lina unene wa wastani wa kilomita 35 mpaka 40 na chini ya bahari kuu ni kilomita kama 7 tu. Chini yake kuna manto, mwamba wa moto sana ambao ni mgumu lakini ukiupa muda mrefu unatambaa, kama lami inavyotambaa polepole kwenye jua la Novemba. Ganda pamoja na sehemu ya juu ya manto limekatika mabamba, na mabamba yanasogea sentimita chache kwa mwaka. Bamba la India liliigonga Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita na mpaka leo halijaacha kusukuma, ndo maana ganda la pale limejikunja, vipande vikapandana na kulaliana mpaka unene chini ya Tibet ukafika kilomita 70 hivi. Kilele cha Everest, mita 8,849 kwa kipimo kilichotangazwa 2020, ni mawe ya chokaa yaliyotulia kwanza chini ya bahari, na ndani yake kuna masalia ya viumbe wa baharini. Kilimanjaro ni habari nyingine kabisa. Ile mita 5,895 ni volkano, uji wa mwamba uliopanda kwenye ganda linalovutwa na kupasuka, ukajirundika, na kwa hesabu ya dunia ni mtoto mdogo, hata miaka milioni 3 haijafika. Kwahiyo mtu anayechukua Kilimanjaro kama kipimo cha kujua nani kapewa milima na nani kanyimwa, anapima kwa kitu kilichofika juzi.

Sasa kuna jambo ambalo likishakuingia hutaitazama tena Masasi kwa macho yaleyale. Mlima uliotokana na mgongano sehemu yake kubwa ipo chini ya ardhi. Hili lilijulikana kwa njia ya ajabu kidogo. Katikati ya karne ya 19 Waingereza walikuwa wanapima ardhi ya India, na wakaona timazi, hiihii ya fundi ujenzi, haivutwi na Himalaya kwa kiasi walichotegemea. John Henry Pratt akapiga hesabu: uzito wa milima ile ulitakiwa uzipishanishe timazi za vituo viwili kwa sekunde 15.885 za pembe, kipimo cha uwanjani kikatoa 5.236 tu. Yaani mlima unaonekana kwa macho lakini uzito wake haupo wote. Mwaka huohuo wa 1855 George Airy akatoa maelezo ambayo mpaka leo yanasimama kwa milima ya aina hii, kwamba chini ya mlima kuna mzizi mrefu wa mwamba mwepesi ulioingia kwenye manto nzito, kwahiyo mlima unaelea. Mtu wa Mikindani haitaji kuelezwa sana hapa. Jahazi likijazwa mzigo linazama zaidi, na kile kimo cha shehena unachokiona juu kinabebwa na mbavu nyingi zaidi zilizoingia majini. Ukianza kupakua, jahazi linapanda. Mlima nao hivohivo, mvua na mito ni wapakuaji, wakiondoa mita 1,000 za mwamba juu, ganda linainuka mita 800 na kitu kufidia, kwahiyo kimo kinapungua kidogo tu na kazi inaanza upya. Ndo maana milima mikubwa inachukua muda mrefu sana kuisha, na ndo maana mwishowe kile kinachotokea juu ya ardhi ni mwamba uliokuwa kilomita nyingi sana chini.

Huo mwamba ndo Mtandi. Ndo Mkomaindo, ndo yale mawe makubwa yote unayoyaona ukikaribia Masasi kutoka Ndanda, yamesimama peke yake katikati ya tambarare kama visiwa. Nilipanda moja wapo nikiwa darasa la tano, pekupeku, na nilichoshika wakati ule ni mistari myeupe na myeusi iliyojipinda kwenye jiwe kama unga uliokandwa ukaachwa haujachanganyika vizuri. Sikujua naangalia nini. Mistari ile ni mwamba unaoitwa naisi, na haijipindi hivo kwenye jiwe baridi, lazima jiwe liwe limepata joto la mamia ya nyuzi na mgandamizo wa kilomita nyingi za mwamba juu yake mpaka likalainika bila kuyeyuka. Kuna jambo lingine watu wa huku tungetakiwa tujivunie na hatulijui. Mjerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1890, huku Kusini akiwemo, na kwenye kitabu chake cha 1900 ndipo alipoipa sayansi neno la Kijerumani lenye maana ya "mlima kisiwa" kwa ajili ya vilima vya namna hii. Leo mwanafunzi wa Brazil au Australia akisoma vilima vya aina hiyo anatumia neno lililotokana na ardhi yetu, na vile vyenye umbo la kuba vinaitwa kwa jina la Bornhardt mwenyewe.

Milima ilikuwa ipi hasa? Ng'ambo ya Ruvuma, mwaka 1911, kijana wa Kiingereza anaitwa Arthur Holmes alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria vibaya, madini ya maana hakupata, lakini aliondoka na mawe na maswali. Huyu ndo alikuja kuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa kupima umri wa miamba kwa njia ya urani, metali yenye mionzi, kugeuka polepole kuwa risasi, ile metali nzito, na miaka mingi baadaye ndiye aliyeuita mkanda mrefu wa miamba ya aina hii kwa jina la Mkanda wa Msumbiji. Mkanda wenyewe unapita mashariki ya Afrika kutoka Msumbiji, Tanzania, Kenya mpaka Ethiopia na kwenda mbele, na wenzake wapo Madagaska. Kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita vipande vikubwa vya mabara viligongana, bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, likazaliwa bara kubwa la Gondwana, na kwenye mshono wa mgongano ndo milima ikapanda. Miamba mingine ya huku ni ya zamani kuliko hapo, ila ilipikwa upya kwenye tukio hilo. Kwenye sehemu nyingine za mkanda huu hapahapa Tanzania, kama Upare na Usambara, miamba ina madini yanayotengenezeka kwenye kina cha kilomita 30 na zaidi. Fikiria, kitu kilichokuwa kina kirefu ndani ya ganda kule leo mbuzi anakilalia juani.

Na hapo ndipo kinywe kinapoingia. Watu wanakiona kama udongo mweusi unaopaka mikono, wengine wanadhani ni mkaa wa mawe uliokosea njia. Kinywe ni kaboni tupu iliyojipanga kwa matabaka membamba, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo kwenye mikanda ya aina hii ni mabaki ya viumbe vidogo vilivyokufa kwenye matope ya bahari ya zamani kabla ya mgongano. Matope yakazikwa, bahari ikafungwa, ganda likakunjana, tope likapelekwa chini kwenye joto la nyuzi 600 na kuendelea, na kwenye yale mabaki ya viumbe vitu vingine vikatoka ikabaki kaboni ikijipanga kuwa magamba. Joto likiwa kubwa na la muda mrefu magamba yanakuwa makubwa, na magamba makubwa ndo soko linayapenda zaidi, huku kinywe kwa ujumla saivi kikitafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kwahiyo thamani ya kinywe cha Ruangwa ni kipimo cha jinsi mlima ulivyokuwa mzito juu yake. Bila mlima usingekipata. Afu linganisha na gesi: nayo imetokana na viumbe vilivyokufa vikazikwa kwenye matope, ila ya kwetu ni ya baadaye sana, wakati Gondwana inavunjika, na ilipikwa kwa moto wa wastani, nyuzi mia na hamsini au mia mbili hivi. Asili moja, moto tofauti. Mtwara wanajivunia gesi, Ruangwa wanajivunia kinywe, na kuna vijembe vya chinichini baina ya wilaya na wilaya, wakati zote ni kaboni ya viumbe waliokufa wakazikwa kwenye matope, ila kwa nyakati tofauti, huku imeivishwa na kule imeunguzwa.

Swali la kawaida ni kwamba milima yenyewe ilienda wapi. Ilienda chini kuelekea baharini, na njiani ikatuachia vitu. Nenda Newala ukasimame pale Shimo la Mungu uangalie bonde la Ruvuma lilivyo mbali kule chini. Watu wanasema wapo juu ya mlima na kwa macho ni kweli, uwanda wa Makonde unafika mita 700 mpaka 900 kwenye ukingo wake wa magharibi, lakini huo sio mlima wa mgongano hata kidogo. Ni mchanga na kokoto za zamani, za zaidi ya miaka milioni 100, zilizoletwa na mito kutoka bara ambako mizizi ya milima ilikuwa inaendelea kulika, zikatandazwa chini tambarare karibu na pwani, kisha ardhi yote ikainuliwa na mito ikakata kingo. Yaani Newala ni vumbi la milima lililopandishwa juu. Ukishajua hilo, shida ya maji ya Newala inaeleweka bila kumlaumu mtu. Mvua inanyesha, maji yanazama kwenye mchanga kama kwenye chujio, yanashuka mamia ya mita mpaka yakutane na tabaka gumu, kisha yanatokea kwenye miguu ya uwanda. Ndo maana Ndanda kuna chemchemi zinatiririka mwaka mzima na mama wa Newala miaka yote amekuwa akishuka bondeni na ndoo, na ndo maana mradi wa maji wa Makonde toka miaka ya 1950 umekuwa ni kazi ya kuyasukuma maji kutoka chini kuyapandisha juu kwa mashine na gharama kubwa. Mtu anayepita vijijini juu ya uwanda akiuza ahadi ya visima vifupi vya bei nafuu anauza kitu ambacho mchanga ule haukiruhusu sehemu nyingi.

Vumbi lingine liliishia Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi mjini, na huko likazika mijusi wakubwa wa kale, dinosaria. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale wakiwa na mamia ya vibarua wa huku, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo kila mtoto wa Lindi angetakiwa alijue. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega mpaka bandarini Lindi zikaenda Berlin, na mifupa ya mmoja wao imesimamishwa makumbusho kule ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mjadala wa kurudishwa mifupa ni wa haki na siutaki uishe, ila kuna jambo kwenye mawe yenyewe ambalo huwa linasahaulika. Pale Tendaguru matabaka yenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu yamepishana na matabaka yenye makome ya bahari. Miaka milioni 150 iliyopita bahari ilikuwa inaingia na kutoka, kwa sababu Gondwana lilikuwa limeshaanza kuachia na Madagaska inateleza kwenda kusini kando ya pwani hii. Ule mshono uliotengeneza milima ulikuwa upande huuhuu, na bara likafunguka tena sio mbali na pale liliposhonwa. Mwaka 1912, vibarua wa Boheti wakiwa bado mashimoni, Alfred Wegener alisimama Frankfurt kuwaambia wenzake kwamba mabara yanahama, wakamkatalia kwa miaka mingi mpaka ushahidi wa sakafu ya bahari ulipokuja miaka ya 1960. Sehemu ya ushahidi ilikuwa inapita mgongoni mwa watu wa Lindi.

Mchanga uliobaki ukaenda mbali zaidi, baharini, ukajirundika kwenye delta ya Ruvuma na kwenye vina vya bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara. Ndani ya michanga ya namna hiyo ndo gesi imekaa, kama maji kwenye sponji. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na visima vya kina kirefu kuanzia 2010 ndo vilileta hesabu ya futi za ujazo trilioni 57 na kitu ambayo viongozi wameitaja mara nyingi.

Kuna wanaobisha, na wapo wanaobisha vizuri na wanaobisha vibaya. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kusema hakuna aliyekuwepo, hizo ni hadithi za wazungu, mlima kama Himalaya hauwezi kuisha ukabaki mawe ya Masasi. Hii haitaji hata maabara, inataka hesabu ya darasa la saba. Ardhi ikipoteza sehemu tano za mia za milimita kwa mwaka, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona maisha yote ya mtu, kwa miaka milioni 100 inakuwa imepoteza kilomita 5. Tumezungumzia miaka milioni 550. Na umri wenyewe haukubuniwa, upo kwenye chembe za zirkoni ndani ya mwamba, chembe ndogo kama za chumvi, ambazo zikizaliwa zinapokea urani na kukataa risasi, kwahiyo risasi yoyote utakayoikuta ndani imetokana na urani kugeuka kwa kasi inayojulikana, nusu yake kila miaka bilioni 4.47. Mtu akitaka kupinga basi aseme hiyo risasi imetoka wapi. Kumshambulia Bornhardt au Holmes kwa rangi yake hakujibu swali, na tena kunawafuta watu wetu waliobeba mawe na mifupa wakijua njia, maji na majina ya vilima vyote.

Hoja ya pili ina uzito kidogo, kwamba kama milima yetu ni mizizi mizee basi Kusini ardhi imelala, matetemeko na volkano ni ya watu wa Arusha na Mbeya. Nakubali nusu. Mwamba wa Masasi ni mgumu na umetulia, hatuna volkano, na kwa mtu anayejenga nyumba hilo ni jambo jema. Ila watafiti wanaopima mwendo wa mabamba kwa setilaiti wamekuta kwamba ardhi hii ya Kusini pamoja na kaskazini ya Msumbiji ipo kwenye kibamba chake chenyewe, wakakipa jina la Rovuma, kwa jina la mto wetu. Magharibi mpaka wake ni ufa wa Ziwa Nyasa, mashariki ni baharini, huko mbele ya pwani, kwenye ule ufa wa zamani ambao Madagaska ilitelezea, na sehemu zake zimeamka tena. Tetemeko la tarehe 12 Agosti 2020 la ukubwa wa karibu 6 lililotikisa Dar es Salaam na pwani usiku lilitokea baharini, sio kwenye volkano ya Oldoinyo Lengai kule Arusha. Mwendo ni milimita chache tu kwa mwaka, hakuna haja ya kutishana kama zile klipu za "Afrika inapasuka" zinavyofanya, lakini wanaopanga mitambo ya kusindika gesi pale Lindi na wanaojenga maghorofa Mtwara mjini wasijengewe imani kwamba nchi bapa ni nchi iliyokufa.

Hoja ya tatu ndo inayoninyima usingizi kwa sababu ni ya kweli. Wanasema sawa, milima ilikuwepo, mizizi ipo, ila inamsaidia nini mkulima wa korosho? Kwa sheria madini ni mali ya Jamhuri, mwenye shamba analipwa fidia ya ardhi na mazao na nyumba, halipwi kinywe kilicho chini. Elimu yote hiyo haimpi hata kilo moja. Mama mmoja aliniuliza hivohivo na sikuwa na jibu la haraka. Jibu nililonalo sasa ni kwamba kutojua ndo kunakomfanya alipwe hata hicho kidogo kwa bei ya kuonewa. Huku kwetu tunaijua kangomba, mtu anakuja njaa imekubana anakununulia korosho ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na serikali imepiga marufuku lakini tunajua inavyofanyika. Kwenye mashamba yanayodhaniwa kuwa na kinywe kangomba imeshahamia ardhini. Anakuja mtu na pikipiki, anakwambia hapa pana jiwe jeusi nikupe laki kadhaa uniandikie, na anayeamini kwamba madini ni bahati ya kuokotwa anaona leo ndo siku yake imefika, kesho itaondoka.

Wakati madini ya mlima uliokunjwa hayaokotwi hovyo. Tope lile la bahari lilikuwa tabaka, tabaka likakunjwa, kwahiyo kinywe kinaenda kwa mstari, kina mwelekeo, na kimelala kwa kuinama upande mmoja kama bati la nyumba lililozama ardhini. Pale jiwe jeusi linapotokeza juu ni ncha ya bati tu. Sehemu kubwa inaweza kuwa imeinama kwenda chini ya shamba la jirani ambaye juu ya ardhi yake haoni chochote ila mikorosho. Mtu aliyeelewa hivo hawezi kuuza peke yake usiku, atataka kijiji kizima kilicho kwenye mstari mmoja kiongee kwa sauti moja, atauliza mchorongo, lile tundu la kupimia mwamba, umefika kina gani na tabaka limeinama wapi, na kama ni kijana mwenye nia ataomba leseni ndogo ya uchimbaji akijua anaomba eneo gani na kwanini, sio kukisia.

Maarifa haya yapo tayari. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ipo Dodoma na ina ramani za jiolojia za nchi, karatasi kwa karatasi. Tatizo ni kwamba ramani zipo kwa Kiingereza, kwa lugha ya wataalamu, na mwenye kuzitumia ni yule mgeni anayekuja kijijini, wakati mwenyekiti wa kijiji anasaini asichokisoma. Mi naomba kitu kimoja kinachowezekana: kila halmashauri ya Lindi na Mtwara ibandike ramani ya miamba ya wilaya yake kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo, palepale zinapobandikwa bei za korosho kwenye minada, ikionyesha mizizi iko wapi, mchanga uko wapi, matabaka yameinama upande gani. Nchi hii ilishalipa gharama ya kutosoma udongo, mpango wa karanga wa Waingereza toka 1947 uliingia mpaka Nachingwea, ukajengewa bandari ya Mtwara na reli, watu wakafyeka misitu kwa matrekta kabla ya kuuliza udongo na mvua vinasemaje, mwaka 1951 ukafa, na reli ikang'olewa baadaye.

Na kabla ya ramani kuna mawe yenyewe. Ukipita Masasi saa hizi utasikia nyundo, kina mama na vijana wanawasha moto kwenye mwamba upasuke, wanaponda kokoto za kujengea. Siwalaumu, ndo riziki iliyopo karibu. Ila mwamba ule ukishapondwa, mtoto wa darasa la tano hatakuwa na pa kupanda aone ile mistari iliyojipinda. Kokoto zinaweza kutoka kwenye miamba ileile iliyolala chini tambarare nje ya mji, ipo tele, halmashauri ikitenga eneo na kuwapa barabara. Mtandi ibaki imesimama.